Leningrad: Mnara wasifu utetezi, njaa yafichwa chini

Msafiri aingiaye mji wa St Petersburg kutoka uwanja wa ndege wa Pulkovo hana budi kupita katika Uwanja wa Ushindi. Hapo, mwisho wa kusini wa barabara kuu ya Moskovsky, umesimama mnara wa matale wenye urefu wa mita 48, ulioandikwa miaka miwili tu: 1941 na 1945. Mbele ya mnara wamesimama watu wawili wa shaba nyeusi, askari na mfanyakazi, wakikabili upande aliotokea adui. Nyuma ya mnara kuna duara kubwa la mawe ambalo limekatika sehemu moja. Maana ya mkato huo haihitaji mfasiri: pete ya adui ilivunjwa.

Huu ndio Mnara wa Watetezi Mashujaa wa Leningrad, kwa jina ambalo mji huo ulikuwa nalo tangu 1924 hadi 1991. Ulifunguliwa tarehe 9 Mei 1975, miaka 30 kamili baada ya Ujerumani kushindwa. Uliundwa na wasanifu Valentin Kamensky na Sergei Speransky pamoja na mchongaji Mikhail Anikushin, ambaye mwenyewe alivaa sare ya askari wakati wa vita hivyo. Raia walichanga fedha zao, na wengine wakajitolea kufanya kazi ya mikono. Wanafunzi wengi wa Kiafrika waliosomea huko katika miaka ya 1970 na 1980 waliupita mnara huo walipofika na walipoondoka.

Nimeuchagua leo kwa sababu walimu wa Historia na wanafunzi wao wamezoea kuisoma minara kama mapambo ya mji, ilhali mnara ni hati. Una mwandishi, una aliyelipa, una tarehe, na una yale uliyoyanyamazia. Mnara huu hasa umebeba neno moja, utetezi, na neno hilo linahitaji kuhojiwa.

Tuanze na hesabu. Katika kesi kuu ya Nuremberg, upande wa Kisovieti ulieleza kwamba watu 649,000 walikufa mjini Leningrad wakati wa kuzingirwa. Kati yao 16,747 waliuawa na mabomu na mizinga. Waliosalia, 632,253, walikufa kwa njaa. Wanahistoria wa baadaye wameiona jumla hiyo kuwa ndogo mno, na wengi huiweka baina ya 800,000 na zaidi ya milioni moja. Lakini hata tukiishika ile hesabu ya chini, katika kila raia 100 waliokufa, 97 hawakuguswa na risasi wala bomu. Walikufa kwa kukosa mkate.

Sasa itazame ile shaba iliyo mbele ya mnara, ile inayoonekana kutoka barabarani. Wapo marubani na mabaharia. Wapo walenga shabaha, wapo wanamgambo wa kujitolea na wafua chuma wa viwandani. Wote ni wakakamavu, vifua mbele. Njaa haipo. Ili kuiona njaa, mgeni hana budi kushuka hadi ndani ya lile duara lililokatika, ambako kuna kikundi kingine cha sanamu kiitwacho Mazingira. Humo mna wanawake waliodhoofu, mna mama aliyebeba maiti ya mwanawe, na askari anayemwinua mwanamke aliyeanguka. Anikushin aliyaona aliyoyaona, na hakutaka kusema uongo. Hata hivyo, aliye ndani ya gari hakioni kikundi hicho. Sidhani kwamba mpangilio huo ulikuja kwa bahati tu.

Mji ulizingirwa tarehe 8 Septemba 1941, Wajerumani walipouteka mji mdogo wa Shlisselburg, mahali ambapo mto Neva hutoka katika Ziwa Ladoga. Kaskazini njia zilikuwa zimefungwa na majeshi ya Finland. Siku iyo hiyo ndege za Ujerumani ziliteketeza maghala ya chakula ya Badayev. Ndani walibaki watu wapatao milioni mbili na nusu, watoto wakiwa kama 400,000. Maagizo yaliyotolewa mwezi huo upande wa Ujerumani yalikuwa wazi: mji ufutwe katika uso wa dunia, na hata ukiomba kusalimu amri usikubaliwe, kwa maana mshindi hakutaka mzigo wa kuwalisha watu wake.

Kuanzia tarehe 20 Novemba mgao ulishuka hadi gramu 250 za mkate kwa mfanyakazi wa kiwandani, na gramu 125 kwa karani, mtegemezi na mtoto. Mwanafunzi anayetaka kuifahamu tarakimu hiyo achukue mkate wa gramu 400 unaouzwa madukani kwetu, augawe sehemu tatu, kisha aimege kidogo sehemu moja. Hicho ndicho kilichokuwa chakula cha siku nzima, katika baridi iliyoshuka hadi nyuzi 30 chini ya sufuri, bila umeme wala maji ya mfereji. Na huo mkate wenyewe haukuwa mkate. Unga ulichanganywa na mashudu ya pamba na kitu kilichotengenezwa kwa mbao. Msichana mmoja, Tanya Savicheva, aliyekuwa na umri wa miaka 11 majira hayo ya baridi yalipoanza, aliandika katika kijitabu vifo vya watu sita wa jamaa yake, mmoja baada ya mwingine, kuanzia Desemba 1941 hadi Mei 1942. Yeye alihamishwa kutoka mjini lakini afya haikurudi, akafa Julai 1944.

Tangu mwishoni mwa Novemba 1941 malori yalivuka juu ya barafu ya Ziwa Ladoga, yakiingiza unga na kutoa watu. Njia hiyo ikaitwa Barabara ya Uhai. Tarehe 18 Januari 1943 pete ilitobolewa, na tarehe 27 Januari 1944 adui akafukuzwa kabisa. Jumla ni siku 872. Chini ya mnara, katika ukumbi uliofunguliwa mwaka 1978, kuna taa 900, moja kwa kila siku kwa hesabu ya mviringo, na mlio wa metronomu, kile chombo cha kupimia mapigo ya muziki. Wakati wa vita redio ya mji ilipokuwa haina la kutangaza iliachia mlio huo. Ukienda polepole, hali ni shwari. Ukienda mbio, ndege za adui zinakuja. Katika ukumbi ule wote, hicho ndicho kitu ambacho mimi naona kimewakumbuka raia kwa namna waliyoishi.

Msomaji atauliza: je, waliokufa njaa si watetezi? Swali ni la haki, na jibu langu lina mifano. Katika uwanja wa Mtakatifu Isaac kuna taasisi ya mimea iliyojengwa na mwanasayansi Nikolai Vavilov, ambaye alizunguka dunia akikusanya mbegu. Mwaka 1927 alifika Ethiopia kutafuta ngano na shayiri. Mji ulipozingirwa, taasisi hiyo ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya pakiti za mbegu. Watumishi walizilinda dhidi ya panya, dhidi ya wezi na dhidi ya matumbo yao wenyewe. Dmitri Ivanov, mtunzaji wa mpunga, alikufa njaa huku amezungukwa na mpunga. Alexander Shchukin, mtunzaji wa njugu karanga, alifia penye meza yake ya kazi. Wakenya tujuao ladha ya njugu za kukaanga tujaribu kulifikiria hilo. Naye Vavilov mwenyewe alikuwa wapi? Alikuwa gerezani Saratov, ametiwa humo na serikali yake kwa tuhuma za uongo, na humo alikufa Januari 1943 kwa kudhoofishwa na njaa. Mwalimu mkuu na wanafunzi wake waliuawa na kitu kimoja, ila mikono ilikuwa miwili tofauti. Hapo ndipo neno utetezi linapoanza kunitatiza. Ivanov na Shchukin ni watetezi bila shaka yoyote. Lakini mtoto wa miaka minne aliyezimika kitandani hakutetea kitu. Aliuawa. Kumwita mtetezi shujaa ni kumpa heshima, naam, lakini ni kulifuta pia swali la nani aliyemuua na nani aliyeshindwa kumhamisha mapema.

Kuna jambo jingine ambalo matale hayakuandikwa. Mnara wa 1975 haukuwa ukumbusho wa kwanza. Mwaka 1944, vita vikiwa bado vinanguruma, wenyeji walifungua maonyesho makubwa kuhusu utetezi wa mji wao, ambayo baadaye yalifanywa jumba la makumbusho. Vilikusanywa vitu zaidi ya 30,000: silaha zilizotekwa, shajara, kadi za mgao. Mwaka 1949 jumba lilifungwa. Stalin alikuwa amewashuku viongozi wa Leningrad kwamba wanajiona na kwamba mji wao unajifanya umejiokoa wenyewe. Aleksei Kuznetsov na Pyotr Popkov, waliouongoza mji wakati wa njaa, walipigwa risasi mwaka 1950 pamoja na Nikolai Voznesensky. Mkurugenzi wa jumba, Lev Rakov, alitupwa gerezani. Jumba lenyewe likavunjwa kabisa mwaka 1953, na halikufunguliwa tena hadi 1989.

Kwa hiyo serikali iliyoujenga mnara mwaka 1975 ilikuwa ndiyo iliyolifunga jumba mwaka 1949. Jumba lilikuwa na vitu vya watu, na kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Mnara una watu wa shaba wasio na majina. Hata katika makaburi ya Piskaryovskoye, yaliyofunguliwa rasmi mwaka 1960 na yenye maiti karibu nusu milioni katika makaburi 186 ya pamoja, jiwe juu ya kila kaburi lina mwaka tu, na alama ya nyundo na mundu kwa raia au nyota kwa askari. Waandishi Daniil Granin na Ales Adamovich walipokusanya simulizi za walionusurika katika miaka ya 1970, sehemu za kitabu chao zilichapishwa Moscow mwaka 1977 baada ya kupitishiwa mkasi. Mjini Leningrad kwenyewe hakikuchapwa hadi 1984. Habari za watu wapatao 2,000 waliokamatwa kwa kula nyama ya binadamu zilifichwa hadi nyaraka zilipofunguliwa baada ya dola ile kuanguka. Njaa mwana malegeza, wasema wahenga. Dola ile haikutaka ijulikane kwamba mashujaa wake nao walilegea.

Tusicheke. Katikati ya Nairobi, kando ya barabara ya Kenyatta, upo mnara wa askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, uliojengwa mwaka 1928. Maandishi yake yanamwahidi aliyekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake, na hapana jina hata moja lililoandikwa. Wapagazi wengi nao hawakuuawa na risasi bali na njaa na maradhi. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa.

Nirudi Urusi, kwa sababu suala hili si la kale. Tarehe 27 Januari 2014 Granin, mzee wa miaka 95 aliyepigana mbele ya Leningrad, alisimama katika bunge la Ujerumani na kueleza njaa ile kwa utulivu mkubwa. Wabunge walimsikiliza bila chuki kutoka kwake wala ubishi kutoka kwao. Siku moja kabla ya hapo, kituo cha televisheni cha Dozhd mjini Moscow kiliwauliza watazamaji wake ikiwa ingefaa kuusalimisha mji ili kuokoa maisha. Hasira zikapanda, na makampuni ya kusambaza matangazo yakakiondoa kituo hicho katika huduma zao. Naona swali lenyewe lilikuwa dhaifu. Yale maagizo ya Septemba 1941 yanaonyesha kwamba kusalimu amri kusingemwokoa mtu. Lakini swali dhaifu hujibiwa. Mwalimu gani mwema humfukuza mwanafunzi darasani kwa kuuliza jambo ambalo jibu lake limo kitabuni? Aprili 2021 Urusi ilipitisha sheria inayoweza kumfunga mtu hadi miaka mitano kwa kuidhalilisha kumbukumbu ya watetezi wa taifa. Nani atapima ni wapi utafiti unakwisha na udhalilishaji unaanza?

Simtuhumu Rais Vladimir Putin kwamba majonzi yake ni ya kuigiza. Kaka yake Viktor alikufa akiwa mtoto mdogo wakati wa njaa hiyo, na amezikwa Piskaryovskoye. Mwenye kovu usidhani kapoa. Oktoba 2022 mahakama ya mji wa St Petersburg ilitamka kwamba kuzingirwa kwa Leningrad kulikuwa mauaji ya halaiki. Kwa upande wangu naona uamuzi huo ulikuwa na sababu nzito, hasa ukikumbuka yaliyotokea mwaka 1948. Mwaka huo Jemadari Wilhelm von Leeb, aliyeongoza majeshi yaliyouzingira mji, alihukumiwa Nuremberg na mahakama ya Kimarekani. Kuhusu njaa, mahakimu walisema kwamba kuukatia mji chakula, na hata kuwarudisha ndani kwa mizinga raia wanaojaribu kutoka, hakukuwa kinyume cha sheria za vita za wakati ule. Walikiri kwamba wangependa sheria iwe vinginevyo. Hatia aliyopatikana nayo ilihusu mambo mengine. Hadi mwaka 1977 ndipo Itifaki ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva ilipopiga marufuku kuwatesa raia kwa njaa kama mbinu ya vita. Mei 2018 Baraza la Usalama, Urusi ikiwemo, lilirudia katazo hilo kwa kauli moja katika azimio namba 2417.

Kinachonisumbua ni mwaka wa uamuzi ule wa mahakama. Ni mwaka uo huo wa 2022 ambao majeshi ya Urusi yaliuzingira mji wa Mariupol nchini Ukrainia, raia wakabaki katika vyumba vya chini bila maji, umeme wala chakula cha kutosha, na misafara ya kuwaokoa ikakwama mara kwa mara. Mariupol haikuwa Leningrad kwa muda wala kwa idadi, na asiyetofautisha mambo hayo hafundishi historia. Hata hivyo, kama kuna dola duniani iliyopaswa kulijua neno kuzingirwa kwa undani wake, ni ile inayowasha taa 900 chini ya Uwanja wa Ushindi. Mnara uliozungumza zaidi juu ya ushindi kuliko njaa ulimfundisha nini kijana aliyepelekwa hapo na shule yake kila Januari? Alifunzwa kwamba mji wake haukushindwa. Ni kweli. Sina hakika kama alifunzwa kwamba hakuna mji unaostahili kufanyiwa hivyo.

Wala somo hili halikubaki Ulaya. Kuanzia Mei 2024 mji wa El Fasher katika Darfur, Sudan, ulizingirwa na wapiganaji wa RSF, hadi ulipoanguka mwishoni mwa Oktoba 2025. Agosti 2024 njaa kuu ilitangazwa katika kambi ya Zamzam iliyo jirani nao. Kufikia mwaka 2025 watu wa El Fasher walikuwa wakila kile wakiitacho ambaz, yaani mashudu ya njugu, chakula cha mifugo.